Gari Lililohamiwa na Nyuki

Majengo, Mpanda
Jumapili, alasiri

Mwanangu Skola,

Ya kuambiwa msafiri umekwisha kuambiwa na mama yako. Nimemsikia tangu juzi akipanga na kupangua: dawa ziko kwenye kopo la maziwa, kitana usimwazime mtu, ukifika andika siku ileile. Hapo mimi sina la kuongeza, na hata nikiongeza atasema nimekosea. Sasa nyie wawili mmekwenda Mwamkulu kumuaga bibi, nyumba imekuwa kimya, na mimi nimekaa ndani ya gari hapa uani, daftari juu ya paja, usukani ukinibana tumbo. Ni Jumapili mchana, kwa hiyo hata ningetaka kuliwasha nizungukezunguke mjini, sheria ya petroli hairuhusi. Nimefungua milango yote miwili. Upepo unaingia kushoto unatokea kulia, na jua limelala juu ya kiti chako.

Nataka kukuambia jambo moja kabla hujaondoka. Nimelikalia mwaka mzima. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula. Kwa hiyo naandika, na nitaanzia mbali kidogo, maana nikianzia kwenye lenyewe nitachana karatasi.

Unajua nilianza kazi mgodini nikiwa spana boi. Kazi ya spana boi ni kupokea spana na kurudisha spana, na katikati hapo kutukanwa. Gari hili lilikuwa la mhandisi, mzungu mmoja mrefu aliyetembea kama anahesabu hatua. Wakati huo lilikuwa rangi ya krimu, madigadi meusi, na nyuma lina ubavu wa mbao. Kila asubuhi nililiosha mimi. Siku moja nikakaa kiti cha dereva ili nifute kioo kwa ndani, akanikuta. Hakufoka. Alinionyesha kwa kidole niteremke, halafu akatoa leso yake mfukoni akafuta kiti. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Nilirudi kwenye spana zangu, na sikumwambia mtu, hata mama yako nilipokuja kumwoa. Wewe ndiye wa kwanza kulisikia hili.

Mgodi ulipofungwa aliliacha nyuma ya gereji kama mtu anavyoacha kiatu kilichochanika. Nyasi zikalimeza. Miaka ikapita, Uhuru ukaja, ofisi ikatangaza kwamba mwenye kulitaka alivute. Hakuna aliyelitaka ila mimi. Unakumbuka tulivyolileta? Ng'ombe wanne wa yule jirani yetu Msukuma, minyororo, vumbi, na wewe nyuma umebeba taa moja kichwani kama mtungi wa maji, umeishika kwa mikono miwili. Ulikuwa na miaka kumi. Mama yako alisimama mlangoni akaangalia ndani, akakuta kuku amekwisha kutaga juu ya kiti.

"Baba Skola," akasema, "umeleta gari au umeleta banda?"

Nikamjibu kwamba kabla ya mavuno yanayofuata litakuwa linampeleka sokoni. Mavuno yalipita mara saba.

Naomba unielewe hapa, maana watu wengi hawakunielewa. Sikutaka gari la kupigia picha. Nilitaka lile lile la zamani, umbo lake, madigadi yake, sauti ya milango yake ikifungwa, lakini litembee kila siku kama magari ya watu wa leo. Lilikuwa na breki za kuvuta kwa nyaya. Ukikanyaga leo, linasimama kesho. Nikazitoa, nikaweka za mafuta kutoka kwenye pikapu iliyopinduka. Umeme wake ulikuwa wa volti sita na taa zilikuwa zinasinzia, nikageuza ukawa wa kumi na mbili kwa dinamo ya lori lililokufa. Rejeta nikaiunga ya trekta. Waipa ulikuwa unazungusha kwa mkono huku unaendesha, nikatafuta ya mota, na siku ilipofanya kazi mara ya kwanza nilimwagia kioo maji ndoo nzima ili tu niione ikifuta. Ulicheka ukiwa ndani, mdomo wako unaonekana na kupotea, unaonekana na kupotea.

Spea hazikuwepo. Ungeandika barua Dar es Salaam, ungojee majibu mpaka usahau uliandika nini. Kwa hiyo nilikaa chini ya gari. Mwanangu, nadhani miaka ile nilikujua kwa miguu zaidi ya uso. Nikiwa nimelala chali juu ya gunia, naona miguu inapita: ya mama yako inakwenda haraka, ya wageni inasimama, yako inasuasua. Niliiona pekupeku, kisha ikavaa malapa, kisha viatu vya shule vyenye kisigino kilicholiwa upande mmoja. Ulikuwa unachuchumaa unasema, "Baba, nimefaulu," na mimi nasema, "Vizuri, mama, nisogezee ile spana namba kumi na tatu." Ulinisogezea. Siku moja nikatoka chini nikakuta umefika begani kwangu.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa sakafu. Ya zamani ilioza, nikatengeneza mpya ya mninga, mbao nilizozichagua moja moja, nikazipasua na kuziranda mwenyewe mpaka zikawa nyekundu na laini. Watu walidhani namtengenezea padri kabati. Ila barabara zetu unazijua, vumbi linaingia hata kwenye yai. Nilitaka kuziba nafasi kati ya mbao na sikupata kitu dukani cha kuzibia. Nikaomba nta kwa mjomba wako Gaspari. Nikaiyeyusha kwenye sufuria, nikaimimina kwenye kila ufa, iliyobaki nikaisugua juu na chini ya mbao zote mpaka ndani ya lile boksi chini ya kiti. Zilimetameta. Uwanja mzima ukanukia asali.

Mjomba wako alikuja akasimama, mikono nyuma. Unamjua, mtu aliyekulia kwenye mizinga, hasemi mpaka aangalie.

"Shemeji," akasema, "mzinga mpya tunaupaka hivyohivyo."

"Hii ni sakafu."

"Nyuki atajuaje kama ni sakafu? Mbao ipo, nta ipo, giza lipo, tundu la kuingilia lipo. Umewaalika."

Nilicheka. Nikamwambia fundi ni mimi, yeye arudi porini kwa wadudu wake. Alinywa chai akaondoka, hakukasirika. Nami nilijiona nimefika.

Kisha zikaja zile Jumapili zetu. Petroli ilikuwa shida nchi nzima, magari yakakatazwa kutembea Jumapili mchana, na sisi ndio kwanza gari letu limeanza kuwaka. Tukitoka misani mnaingia wote ndani ya gari hapa hapa uani, wewe mbele, mama yako nyuma na ungo wa karanga za kumenya, injini imezimwa. Mimi nashika usukani. Wewe unataja vituo kwa sauti ya karani wa reli, ukifika Kaliua unatukataza kushuka kwa sababu chai yao ni mbaya, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuinywa. Kivuli cha nyumba kinatambaa mpaka kwenye boneti, mama yako anasinzia na karanga mkononi, na mimi naiona Tabora, naapa, naiona kabisa, na miembe yake na mabati yake.

Ilikuwa ni Jumapili moja kama hiyo uliponiuliza, "Baba, siku nikiitwa chuo cha uuguzi, utanipeleka na gari hili?" Nikasema nitakupeleka mpaka getini. Wewe ulikuwa unacheza, na mimi nililichukua kama ahadi ya madhabahuni.

Mwaka jana ukaitwa kwenye usaili wa chuo, Tabora. Ulinituma stesheni nikakukatie tiketi, nikarudi nikakuambia treni imejaa. Ulisikitika kidogo. Nikasema usijali, gari lipo, tutapita njia ya Inyonga.

Sijawahi kuwa na furaha kama asubuhi ile. Miti ilikuwa imechipua majani mapya, yale mekundu yanayotangulia mvua, na barabara ilipita katikati yake kama tunapita ndani ya kitambaa. Mbung'o walitufuata. Uliwapiga kwa kanga yako na kuimba. Gari lilikuwa linakwenda vizuri, hata sauti ya gia niliyoizoea ilikuwa imenyamaza, na mara mbili tatu nilikuangalia pembeni nikafikiri, huyu nimemzaa mimi. Mchana tukasimama penye kijito tule. Nikaacha milango wazi ili viti vipoe. Tukala mihogo yetu, ukaosha miguu majini, na mimi nikajilaza chini ya mti kidogo tu. Nikalala usingizi mzito, na wewe ukanionea huruma hukuniamsha.

Tuliporudi, gari lilikuwa linavuma. Nilidhani nimeacha injini inawaka. Nikasogea, nikaona lile wingu dogo la kahawia mlangoni, linaingia chini ya kiti taratibu, kama wapangaji wanaohamia na vyombo vyao. Jua lilikuwa limeipasha nta tangu asubuhi. Harufu ile hata mimi niliisikia toka mbali. Nikapeleka mkono nichukue sanduku lako, wakanichoma shingoni na kwenye kope. Tukakimbia. Ulicheka mpaka ukakaa chini, na mimi nikacheka na jicho moja.

Halafu ukaacha kucheka. "Baba, usaili ni kesho asubuhi."

Lori moja tu lilipita, na lilikuwa linakuja huku Mpanda. Saa tisa wakatokea wale warina asali wawili kutoka kambini kwao. Yule mkubwa aliinama akachungulia kwa mbali, akarudi akaniambia kitu ambacho wewe hukukisikia vizuri kwa sababu ulikuwa umekaa mbali, ukipigapiga vumbi kwenye sketi.

"Mzee, wako chini ya mbao. Nipe ruhusa nifukize, nivunje hii sakafu kwa shoka. Muda wa kusonga ugali tu. Sanduku mtapewa, gari mtaliendesha, binti atawahi."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia sakafu ile ni kazi ya miaka miwili, na kwamba nyuki wa safari hupumzika tu, kufikia jioni watakuwa wamehama. Akaniangalia. "Hawa hawajapumzika," akasema. "Hawa wamefika kwao." Nikarudi kwako nikakuambia mtaalamu amesema tungoje.

Tulingoja jioni, tukalala kambini kwao, tukangoja asubuhi. Mchana nilipoona umeacha hata kuangalia barabara, nikaomba wafukize, nikachukua shoka nikaivunja ile sakafu mwenyewe, kwa hasira, wakati haikuwa na faida tena. Siku iliyofuata tukafika Tabora na jicho langu limevimba kama andazi. Mlinzi wa getini alikuwa mpole. Alisema usaili ulikwisha jana, binti ajaribu mwaka ujao. Uliniangalia mara moja, halafu ukamshukuru yule mlinzi, ukageuka.

Hapa Majengo walicheka mwezi mzima. Waliniita Fundi Nyuki, na bado wapo wanaoniita hivyo. Niliweza kuvumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni wewe. Watu walipokuuliza, ulijibu, "Nilichelewa mwenyewe kujiandaa." Ulimwambia hivyo mwalimu wako, ulimwambia hivyo padri, ulikwenda Mwamkulu ukalima mpunga wa bibi yako msimu mzima, ukarudi na viganja vigumu kuliko vyangu, ukiniita baba kwa sauti ileile. Nami nilikuwa nakaa pale pale, nasikia unabeba kosa langu mbele za watu, na ninanyamaza. Kuna jioni niliona unafungua vitabu vyako vya sayansi upya, ukurasa wa kwanza kabisa, na nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo nikalia. Nakuambia hivi si ili unionee huruma. Nataka ujue niliona.

Sasa lenyewe.

Skola, treni haikuwa imejaa. Nilifika dirishani, karani akainua uso akaniuliza, "Mzee, unasafiri?" Nafasi zilikuwepo. Nilisema nauliza tu, nikaondoka. Njiani nikapanga maneno. Na nilipokuambia nikaongeza na chumvi, nikasema mabehewa yote yamechukuliwa na vijana wa jeshi, ukaniamini, ukaniambia, "Pole, baba, umetembea bure."

Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka kuingia Tabora nikiwa nimekaa kiti hiki, na wewe pembeni umevaa nguo nyeupe, watu wageuke. Nilitaka yule mzungu, ambaye pengine ameshakufa huko kwao, atuone. Hiyo ni sababu ya kwanza na ni ya kijinga, lakini ni ya kweli. Sababu ya pili ni kwamba nilitaka siku mbili na wewe peke yako. Nilikuwa nimetumia miaka saba chini ya gari nikitengeneza kitu cha kutupeleka mahali pamoja, na nilipotoka chini nikakuta umekuwa mkubwa na umeitwa. Niliogopa treni ingekuchukua kabla sijakuzoea. Ningeweza kukuambia hivyo tu. Ungekubali kukaa nami hapa uani Jumapili nzima, nina hakika. Badala yake nilikudanganya, na nilipopata nafasi ya kuokoa siku yako kwa shoka moja, nikaokoa mbao.

Gari sasa lina sakafu ya bati. Linapiga kelele, linachoma miguu mchana, na linatembea kila siku. Limebeba mahindi, limebeba wagonjwa, limebeba jeneza la mzee wa jirani. Siogopi tena likikwaruzwa. Ningependa kukuambia kwamba nimejifunza, lakini mtu aliyejifunza hangechukua mwaka mzima kuandika ukurasa huu. Nimebaki na hili dogo: nikianza kukipenda kitu nilichokitengeneza, niangalie nani amesimama pembeni anasubiri. Wewe huenda huna ugonjwa huu. Mama yako hana. Ila una mikono yangu, na unapenda kazi iliyonyooka, na wodini kutakuwa na shuka lililotandikwa vizuri na mgonjwa anayetaka kugeuka. Mgeuze, mama.

Safari hii, ulipoitwa tena chuoni, tiketi ulikwenda kukata mwenyewe. Hukunituma, na mimi sikuuliza kwa nini. Sijui kama unajua. Kama unajua na umenyamaza kwa ajili yangu, basi mzigo huo uuteremshe leo, mimi nipo. Na wakikuuliza tena huko kwa nini mwaka jana hukufika, sema baba yangu alinidanganya. Useme jina langu lote.

Nilifikiria kuificha barua hii ndani ya sanduku, chini ya nguo, uikute ukiwa umeshapita Kaliua. Ingekuwa rahisi kwangu. Ungekasirika ukiwa mbali, na hasira ingefika hapa imepoa. Lakini nimekudanganya vya kutosha kwa kupanga wewe ujue nini na lini. Kwa hiyo naiweka juu ya mto wako, uisome ukirudi kutoka kwa bibi, na mimi niko ndani ya nyumba hii hii.

Sitagonga mlango wako. Kesho, ukiwa tayari, kama unataka nikusindikize stesheni, niite tu, nitakuja hata nikiwa na kiatu kimoja. Kama hutaki, mjomba Gaspari atabeba sanduku, nimekwisha kumwomba, na hakuniuliza sababu. Mimi nitakaa hapa kibarazani. Nitaisikia treni ikiondoka, na sitasema kwamba ilikuondoa mapema mno. Imechelewa mwaka mmoja, na aliyeichelewesha ni mimi.

Baba yako